Barua ya wazi kwa uongozi wa klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates: msainisheni Skenes kabla ya Desemba

Februari 2026

Kwa Mwenyekiti Bob Nutting, Rais wa klabu Travis Williams na Meneja Mkuu Ben Cherington.

Waheshimiwa,

Tuanze kwa kuwapa haki yenu. Kipindi hiki cha usajili mmetoa fedha. Mlimleta Brandon Lowe kutoka Tampa Bay katika mabadilishano ya timu tatu mwezi Desemba, kisha mkamsainisha Ryan O'Hearn miaka 2 kwa dola milioni 29. Kwa klabu ambayo haikuwa imempa mchezaji huru mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja tangu Iván Nova asaini miaka 3 kwa dola milioni 26 mnamo Desemba 2016, hatua hiyo si ndogo. Timu iliyomaliza msimu wa 2025 na ushindi 71 na vipigo 91, ikafunga mikimbio (pointi) 583, michache kuliko timu yoyote kati ya 30 za ligi kuu, ilihitaji wapigaji. Wapigaji wamekuja, na tunashukuru.

Tangu hapo mashabiki wanabishana kama fedha iliyotoka inatosha. Wapo wanaosema mmejitahidi, mpewe muda. Wapo wanaosema bado mko mkiani kwenye orodha ya mishahara na hakuna cha kushangilia. Sisi tunaona pande zote mbili zinapima kitu ambacho si chenyewe. Mkataba wa Lowe unakwisha msimu huu ukimalizika. Wa O'Hearn unakwisha 2027. Paul Skenes, mrushaji bora wa National League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu), atakuwa mchezaji huru mwishoni mwa 2029, na hadi leo hana nyongeza ya mkataba. Fedha ya wachezaji wa mwaka mmoja au miwili huziba pengo la msimu. Fedha ya kumsainisha kijana mapema ndiyo pekee ambayo klabu ya uwezo wenu inaweza kuitoa na kupata mchezaji wa daraja la juu kwa bei nafuu kuliko wanayolipa matajiri. Tunawaomba mwihamishie nguvu yenu huko, mwaka huu, na hapa chini tunaeleza kwa hesabu.

Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu klabu hii ina wafuatiliaji Afrika, na si kwa bahati. Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alivaa jezi ya Pirates na kuwa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Mwaka 2023 mlimsainisha David Matoma, kijana mrushaji kutoka Uganda. Anayefuatilia safari ya Matoma kwenye ligi ndogo anataka kujua kama klabu atakayoipandia ina nia ya kushinda.

Kwa msomaji aliyezoea soka, kuna tofauti moja ambayo mjadala wote umesimama juu yake. Kwenye besiboli ya Marekani hakuna ada ya uhamisho kama tunayoijua. Klabu hubadilishana wachezaji kwa wachezaji, na mkataba wa staa ukikwisha anaondoka bila klabu kulipwa chochote na klabu mpya. Kinga ya klabu ni kwamba mchezaji hawezi kuondoka mapema. Akianza ligi kuu anahesabiwa siku: siku 172 kwenye kikosi ni mwaka mmoja wa utumishi. Miaka mitatu ya kwanza klabu humlipa inavyoona, mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2026 ni dola 780,000. Miaka mitatu inayofuata ni ya usuluhishi. Januari klabu inataja tarakimu yake, mchezaji anataja yake, na wasipoelewana jopo la wasuluhishi watatu linachagua moja kati ya hizo mbili. Haliruhusiwi kukata katikati. Akitimiza miaka sita, yuko huru.

Skenes mlimchagua wa kwanza kwenye drafti (zamu ya klabu kuchagua vijana wapya) ya 2023, mkampa ada ya kusaini ya dola milioni 9.2. Mlimpandisha Mei 11, 2024. Kwa kuchelewa hivyo asingefikisha siku 172, na wengi waliona mmenunua mwaka wa ziada. Lakini mkataba wa hali bora wa 2022 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji una kipengele kinachosema chipukizi anayeshika nafasi mbili za juu kwenye kura za Chipukizi Bora anapewa mwaka mzima wa utumishi. Skenes akashinda tuzo hiyo. Na kwa kuwa hakuwa kikosini tangu mwanzo wa msimu, klabu haikupata chaguo la ziada la drafti ambalo sheria hiyo hiyo huwapa wanaowapandisha chipukizi wao mapema. Mlipoteza vyote viwili, mwaka na chaguo. Tunalirudia kwa sababu mna kijana mwingine mlangoni, na tutamfikia.

Mwaka 2025 Skenes alirusha vipindi 187 na theluthi mbili, akawatoa wapigaji 216 kwa straiki, akaruhusu wastani wa mikimbio 1.97 kwa kila vipindi tisa, akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, kwa kura zote. Hakuna mrushaji wa Pirates aliyeshinda tuzo hiyo tangu Doug Drabek mwaka 1990. Rekodi yake ya ushindi na vipigo ilikuwa 10 kwa 10, jambo linaloeleza hali ya wapigaji wenu kuliko takwimu nyingine yoyote. Mshahara wake ulikuwa dola 875,000. Kilichomwongezea kipato ni fungu la dola milioni 50 ambalo ligi hugawa kila mwaka kwa vijana waliofanya vizuri kabla ya kufika usuluhishi. Ushindi wa Cy Young pekee huleta dola milioni 2.5 humo.

Sasa bei. Msimu wa 2026 ndio wa mwisho ambao Skenes ni rahisi. Kuanzia Novemba anaingia usuluhishi. Kwa makadirio yetu, bila nyongeza, atawagharimu takriban dola milioni 1 mwaka 2026, 12 mwaka 2027, 20 mwaka 2028 na 30 mwaka 2029. Jumla milioni 63 kwa miaka minne, kisha anaondoka akiwa na miaka 27. Anayeona milioni 30 ya mwaka wa mwisho ni kubwa mno aitazame Detroit. Mwezi huu huu mrushaji Tarik Skubal ameshinda shauri lake la usuluhishi: Tigers walitaja dola milioni 19, yeye akataja 32, jopo likachagua 32. Skubal alitumia kipengele kinachomruhusu mchezaji mwenye miaka mitano au zaidi ya utumishi kujilinganisha na yeyote, hata waliosaini wakiwa huru. Skenes atakapofika mwaka wake wa tatu wa usuluhishi atakuwa na haki hiyo hiyo, na mfano wa Skubal utakuwa mezani.

Pendekezo letu ni mkataba wa miaka 7, 2026 hadi 2032, wa dola milioni 200. Ada ya kusaini iwe milioni 10, ilipwe ndani ya mwaka wa kwanza. Mishahara ifuatane hivi: milioni 3 mwaka 2026, 14 mwaka 2027, 22 mwaka 2028, 31 mwaka 2029, 38 mwaka 2030, 40 mwaka 2031 na 42 mwaka 2032. Kwa miaka minne ambayo tayari mnaye, mtalipa milioni 80 badala ya 63. Hiyo tofauti ya milioni 17 ndiyo gharama ya kununua miaka mitatu ya uhuru wake, ambayo mtailipa milioni 120.

Je, milioni 40 kwa mwaka ni ghali? Mrushaji Gerrit Cole alisaini na Yankees Desemba 2019 miaka 9 kwa dola milioni 324, yaani 36 kwa mwaka, na hiyo ni bei ya zaidi ya miaka sita iliyopita. Yoshinobu Yamamoto alisaini na Dodgers miaka 12 kwa milioni 325 kabla hajarusha mpira hata mmoja ligi kuu. Garrett Crochet alisaini nyongeza na Red Sox Aprili 2025, miaka 6 kwa milioni 170, akiwa na zaidi ya miaka minne ya utumishi na msimu mmoja tu kamili kama mrushaji wa kuanza mechi. Skenes akifika sokoni mwaka 2029 akiwa mzima, hatuoni atakavyopewa chini ya milioni 45 kwa mwaka, na atapewa miaka kumi au zaidi. Hapo hamtakuwemo kwenye mnada. Januari hii Kyle Tucker amesaini na Dodgers miaka 4 kwa dola milioni 240. Klabu hiyo imelipa zaidi ya dola milioni 169 za kodi ya anasa, yaani tozo kwa klabu inayolipa mishahara kupita kiwango cha ligi, kwa msimu wa 2025 pekee. Huwezi kushindana na fedha ya namna hiyo kwa kusubiri.

Mshauri wa Skenes atauliza: mteja wangu ana milioni 9.2 benki tangu 2023, kwa nini auze miaka yake ya uhuru? Swali ni halali, na ndiyo maana fedha pekee haitoshi. Mpeni kipengele cha kujitoa baada ya msimu wa 2031, akiwa na miaka 29, bado kijana wa kutosha kupata mkataba mwingine mkubwa. Mpeni haki kamili ya kukataa kuhamishwa kuanzia 2028. Mwongezeeni milioni 1 kwenye mshahara wa mwaka unaofuata kila anaposhinda Cy Young. Na andikeni wazi kwamba fungu la ligi la vijana halitakatwa kwenye mshahara wake wa 2026, maana sheria haimnyimi fungu hilo kijana aliyekwisha kusaini mkataba mrefu. Bobby Witt Jr. wa Kansas City Royals alisaini mkataba wake mkubwa Februari 2024 na msimu huo huo akawa miongoni mwa waliopata zaidi kwenye fungu.

Witt tunamtaja kwa makusudi, kwa sababu Kansas City si New York. Ni soko dogo kama lenu. Royals walimaliza 2023 na vipigo 106, na miezi michache baadaye wakampa kijana mwenye miaka miwili ya utumishi miaka 11 kwa dola milioni 288.8, na vipengele vinne vya kujitoa kuanzia mwisho wa mwaka wa saba. Msimu uliofuata walicheza mchujo wa kuwania ubingwa. Hatusemi mkataba ndio uliowapeleka huko. Tunasema klabu ya ukubwa wenu imeshafanya jambo tunaloambiwa haliwezekani.

Tatizo la kweli, na hapa tunakubaliana na wanaosita, ni kwamba Skenes ni mrushaji. Mkono wa mrushaji huvunjika. Hamhitaji kuambiwa: Jared Jones wenu alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Mei 2025 na kukosa msimu mzima. Spencer Strider alisaini na Braves wa Atlanta Oktoba 2022 miaka 6 kwa dola milioni 75, akawatoa wapigaji 281 kwa straiki mwaka 2023, kisha Aprili 2024 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mrushaji anayetupa mpira kwa kasi ya maili 98 kwa saa anavuta kano ya ndani ya kiwiko karibu na ukomo wake kila anaporusha, na kano hiyo ikikatika kabisa kupona kwake ni miezi 12 hadi 18. Kwa hiyo mkataba usiandikwe kana kwamba hilo halitatokea. Uandikwe ukijua kwamba linaweza kutokea, na nani atabeba gharama.

Kuna njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni mwaka wa adhabu. Red Sox waliposaini na John Lackey Desemba 2009, miaka 5 kwa dola milioni 82.5, waliweka kipengele kwamba akikosa muda mrefu kwa upasuaji wa kiwiko klabu itapata mwaka wa sita kwa kima cha chini. Alifanyiwa upasuaji 2011. Mwaka 2015 alicheza kwa kima cha chini, dola 507,500, akiwa na Cardinals, waliompata pamoja na kipengele chake. Mariners waliweka kitu kama hicho kwa Félix Hernández mwaka 2013: akikosa siku zaidi ya 130 mfululizo kwa sababu ya kiwiko, klabu inapata mwaka wa ziada kwa dola milioni 1. Kwa Skenes tunapendekeza hivi: akikosa siku 130 mfululizo kwa upasuaji wa kiwiko au bega wakati wowote kabla ya mwisho wa 2031, klabu ipate hiari ya kumbakiza mwaka 2033 kwa milioni 15, na kipengele chake cha kujitoa kisogezwe mwaka mmoja mbele. Milioni 15 na si milioni 1, kwa sababu Skenes ana nguvu mezani kuliko Lackey alivyokuwa nayo, na mkitaka bure mtakosa saini.

Ya pili ni bima. Kampuni za bima hukubali kulipa sehemu ya mshahara mchezaji akikaa nje kwa muda mrefu, lakini kwa warushaji ada huwa kubwa, muda wa kinga huwa mfupi kuliko mkataba wenyewe, na sehemu ya mwili iliyowahi kuumia huondolewa. Mara nyingi kosa la klabu huwa ni kuchelewa: wanasaini, wanasherehekea, kisha wanatafuta bima baada ya mchezaji kupumzishwa wiki mbili kwa maumivu ya mkono, na sasa mkono huo hauingii tena kwenye bima. Ombeni bei ya bima sasa hivi, kabla ya mazungumzo, angalau kwa miaka ya 2029 hadi 2031 ambako mshahara ni mkubwa.

Hata ikitokea mabaya, pimeni hasara kwa haki. Mkimkosa msimu mzima wa 2027 chini ya pendekezo hili, mmepoteza milioni 14. Strider aliumia, na mkataba wake haukuivunja Atlanta, kwa sababu ulisainiwa mapema na mshahara wa kila mwaka ulikuwa wa kawaida. Anayelipa milioni 45 kwa mwaka hadi mrushaji afikishe miaka 37 ndiye anayebeba hatari kubwa, na huyo ni anayenunua sokoni.

Kuna mashabiki, tena wenye akili, wanaosema muuzeni sasa akiwa kileleni, mchukue vijana wanne au watano. Hawa tunawaheshimu, ila tunawakumbusha Januari 2018. Cole, naye chaguo lenu la kwanza la drafti, la mwaka 2011, mlimpeleka Houston mkapata Joe Musgrove, Colin Moran, Michael Feliz na Jason Martin. Musgrove aligeuka kuwa mrushaji mzuri, ila uzuri huo ulionekana San Diego. Julai mwaka huo huo mkawatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz kumpata Chris Archer. Hesabu ya mabadilishano huonekana nzuri siku ya kutangazwa kwa sababu kila kijana anahesabiwa kwa kile anachoweza kuwa. Skenes tayari ameshakuwa. Milwaukee wanaoweza kuuza warushaji wao kila mara na kubaki juu wana mfumo wa kukuza wapigaji ambao nyinyi bado hamjauonyesha, na timu yenye mikimbio 583 ndio ushahidi.

Pingamizi jingine ni Ke'Bryan Hayes. Mlimpa miaka 8 kwa dola milioni 70 Aprili 2022, mgongo ukamsumbua, gongo lake halikukua, na Julai 2025 mkampeleka Cincinnati. Wapo wanaoutumia mfano huu kusema mikataba mirefu ni mitego. Sisi tunausoma kinyume. Mchezaji ambaye hakufikia matarajio hata kidogo kwenye upigaji bado alipata klabu iliyokuwa tayari kumchukua pamoja na mkataba wake, kwa sababu mshahara wake ulikuwa wa chini na ulinzi wake wa kituo cha tatu ni wa daraja la juu. Kosa la mkataba wa Hayes lilikuwa kuamini kwamba nguvu ya gongo ingekuja yenyewe wakati mipira yake mingi aliipiga chini. Hilo ni kosa la kumsoma mchezaji. Bryan Reynolds mlimpa miaka 8 kwa milioni 106.75 mwaka 2023, na Mitch Keller miaka 5 kwa milioni 77 mwaka 2024, na hakuna anayedai mikataba hiyo imeifunga klabu mikono. Tukienda nyuma zaidi, Andrew McCutchen alisaini miaka 6 kwa milioni 51.5 mwaka 2012, na miaka mitatu ya mchujo, 2013 hadi 2015, ilisimama juu ya mkataba huo. Tangu 2015 hamjarudi.

Sasa Konnor Griffin. Mlimchagua wa tisa mwaka 2024 akitoka sekondari. Mwaka 2025, akiwa na miaka 19, alipita ngazi tatu za ligi ndogo kwa wastani wa upigaji wa .333, homurani 21 (mipigo inayovuka ukuta wa uwanja) na vituo 65 alivyoiba kwa mbio. Anacheza ile nafasi ya ulinzi kati ya kituo cha pili na cha tatu, nafasi ngumu kuliko zote za uwanjani ukimwondoa mdakaji. Kwa kijana huyu tunaomba mambo mawili. Akiwa tayari mwishoni mwa Machi, aanze na timu siku ya kwanza. Kosa la Skenes lisirudiwe: kumchelewesha hakuwapi uhakika wa mwaka wa ziada, na kunawanyima nafasi ya chaguo la drafti.

La pili, mkataba kabla ya mechi yake ya kwanza. Milwaukee, wapinzani wenu wa kundi moja, walimpa Jackson Chourio miaka 8 kwa dola milioni 82 Desemba 2023, akiwa na miaka 19 na hajacheza ligi kuu. Msimu wake wa kwanza alipiga homurani 21 na kuiba vituo 22. Kwa Griffin bei imepanda. Tunaona miaka 9 kwa milioni 120, na miaka 2 ya hiari ya klabu mwishoni, ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Hatari ipo na tuitaje: Griffin amecheza wiki chache tu ngazi ya Double-A (ya pili kutoka juu kwenye ligi ndogo), na warushaji wa ligi kuu watamjaribu kwa mipira inayopinda nje ya eneo mpaka aonyeshe anaweza kuiacha. Seattle walimpa Evan White miaka 6 kwa milioni 24 kabla ya mechi yake ya kwanza, na hakuwahi kupiga vizuri ligi kuu. Lakini White alikuwa mlinzi wa kituo cha kwanza, nafasi isiyo na thamani kubwa gongo likigoma. Griffin ana mbio na ulinzi; hata akipiga wastani wa kawaida, milioni 13 kwa mwaka kwa nafasi hiyo si hasara.

Fedha itoke wapi? Kodi ya anasa kwa 2026 inaanza dola milioni 244, na nyinyi mko mbali sana na kiwango hicho, kwa hiyo hakuna adhabu ya kuogopa. Kila klabu huingiza asilimia 48 ya mapato yake halisi ya nyumbani kwenye kapu la pamoja linalogawanywa sawa, na klabu za masoko madogo hutoka na zaidi ya zilivyoingiza. Sheria inataka ziada hiyo itumike kuboresha timu uwanjani. Mnamo Februari 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko dhidi ya klabu nne kuhusu matumizi hayo, na Pirates ilikuwa mojawapo. Skenes na Griffin kwa pamoja, chini ya mapendekezo yetu, wangefika takriban milioni 35 mwaka 2028 na milioni 55 mwaka 2031, tukimpangia Griffin mishahara inayopanda taratibu. Mkataba wa Keller utakuwa umekwisha 2028, na wa Reynolds 2030. Nafasi inajitengeneza yenyewe bila kuuza mtu.

Tunasisitiza kalenda kwa sababu mwaka huu si kama mingine. Mkataba wa hali bora kati ya wamiliki na wachezaji unakwisha Desemba 1, 2026. Mara ya mwisho ulipokwisha, Desemba 2021, wamiliki walifunga milango kwa siku 99, na katika muda wote huo klabu hazikuruhusiwa kuzungumza na wachezaji wa kikosi cha 40 kuhusu mikataba. Likitokea tena, Skenes ataingia kwenye usuluhishi wake wa kwanza bila nyinyi kuwa mmekaa naye, na huenda sheria zenyewe za usuluhishi, za fungu la vijana, au za kikomo cha mishahara zikabadilika. Hakuna upande utakaotaka kusaini miaka saba huku haujui sheria za mwaka wa pili. Dirisha liko kati ya leo na Novemba 30.

Wachezaji wengi hawapendi mazungumzo ya mkataba yaendelee wakati wa msimu, na wakala wa Skenes anaweza kusema mwisho ni mechi ya kwanza. Kubalini sharti hilo, lakini mwambieni kwa maandishi kwamba ofa haitashuka msimu ukiisha hata kama ataumia kidogo, na kwamba mtakuwa tayari siku inayofuata mechi yake ya mwisho. Ofa isivujishwe kwa waandishi. Klabu zinazovujisha ofa iliyokataliwa ili mashabiki wamwone mchezaji kuwa mroho huwa zimeshampoteza siku hiyo hiyo.

Tunaomba, kabla ya mechi ya kwanza mwishoni mwa Machi, mambo haya yawe yamefanyika: ofa ya maandishi ya angalau miaka saba kwa Skenes iwe mikononi mwa wakala wake, bei ya bima iwe imepatikana, na mazungumzo na Griffin yawe yameanza akiwa bado hajacheza. Mkifika Novemba bila saini ya Skenes, semeni hadharani mlitoa miaka mingapi, si kiasi gani, ili mjadala wa mashabiki majira yajayo ya baridi uwe juu ya jambo lenyewe.

Wenu,
Mashabiki wa besiboli wanaosoma na kuandika Kiswahili